Mnyororo Aliouunga Mama Mtandao

Udongo ulinifika kwapani ukasimama. Kwa nini ulisimama hapo na haukuendelea hadi mdomoni, sijui, na sitaki mchungaji anieleze. Nilikuwa jikoni nimechutama, napuliza moto uliokataa kushika kwenye kuni mbichi, nikasikia mlio kama lori linamwaga mawe nyuma ya nyumba. Nikawaza, lori gani hilo kwenye matope haya? Ukuta wa nyuma ukaingia ndani na migomba yake. Nilipofumbua macho nilikuwa wima kama nguzo ya ua, mguu wa kulia umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjwi, na mbele yangu hakukuwa na banda la ng'ombe. Baba Ipyana, mume wangu, alikuwa ndani ya banda lile anakamua. Nikamwita. Nikamwita tena. Kilichoitika ni simu. Simu yangu, chini ya udongo, kwenye upindo wa kitenge kiunoni, ilikuwa inalia. Mkono wangu haukuifikia. Ikalia mpaka ikakata.

Ilikuwa ndiyo simu ya kuniambia nitoke.

Nimeanza hapo makusudi. Wiki iliyopita halmashauri ilimuaga mkuu wa kitengo cha TEHAMA, yaani yule mama aliyesimamia kompyuta na simu na mitambo yote ya mawasiliano ya wilaya. Amestaafu. Kulikuwa na maturubai, pilau, soda, na keki iliyotengenezwa kama kompyuta. Watu waliongea mpaka pilau likapoa, na hakuna aliyeanzia hapo nilipoanzia mimi. Niliomba kusema. Mshereheshaji akaniinamia sikioni, "Mama yangu, ratiba imebana." Ratiba imebana, lakini kwaya ya watumishi iliimba wimbo ikaurudia wote. Basi nasema hapa. Niliishia darasa la nne. Atakayecheka mwandiko na acheke, ila asome mpaka mwisho.

Jina lake silitaji. Sisi wote huku tulimwita Mama Mtandao, na yeye aliitika.

Alikuwa mtu wa Lindi, na Lindi haikumtoka mwilini hata siku moja. Alivaa sweta juu ya sweta, koti juu ya hayo masweta, gambuti mguuni hata siku ambayo sisi tulikuwa tunajipepea. Jua la kwetu alilidharau. "Hii mnayoita jua ni taa tu," alisema, "tena taa ya jirani." Ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe ukaingia dirishani ofisini kwake, aliutazama kama mtumishi aliyechelewa: "Haya, na wewe umefika kazini." Kila mwaka alisema mwakani anaomba uhamisho. Wenzake waliosema Tukuyu ni nzuri, hewa safi, parachichi za bure, hao ndio walioomba uhamisho wakaondoka. Yeye alilalamika akabaki, mpaka nywele zikawa nyeupe chini ya kilemba.

Neno lililomchoma kuliko baridi lilikuwa "mtandao hakuna". Nililiona hilo kwa macho yangu, siku niliyokwenda kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha Ipyana. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja ametoka Ikuti, suruali imelowa hadi magotini. Kijana wa dirishani hakuinua hata uso. "Mtandao hakuna, mzee. Njoo kesho." Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka huyu mama na kikombe cha chai mkononi.

"Nani kasema mtandao hakuna?"

"Mama, naona unazunguka tu hapa..."

"Mtandao upo. Mtandao ni mimi, na nimesimama hapa. Ambaye hayupo ni wewe. Toka kwenye kiti."

Akakaa yeye. Akamhudumia mzee, akanihudumia mimi, akahudumia foleni nzima, na yule kijana amesimama pembeni ameshika kikombe cha chai cha bosi wake kama mtumishi wa harusi. Mzee wa Ikuti alipopewa karatasi yake alisema, "Ndaga fijo, mwanangu." Mama Mtandao akanigeukia: "Kasemaje?" Nikamwambia, anakushukuru sana. Akasema, "Asinishukuru. Ametembea na mvua, huyu kijana ametoka nyumba ya tatu kutoka hapa." Kesho yake, nilisikia baadaye, yule kijana alikuta nazi mezani kwake. Huko ndiko kulikuwa kuomba radhi kwa Mama Mtandao. Mdomo wake haukujua kusema samahani. Alikuwa na gunia la nazi nyumbani, ndugu zake walimtumia kwa basi, na aliyegombezwa kupita kiasi alipata nazi. Ofisi nzima ilijua. Wengine walikuwa wanamchokoza makusudi wakikaribia sikukuu.

Sasa mtu kama huyo ungedhani anaamini mashine. Haamini! Mkuu wa mitambo wilaya nzima alitembea na kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, kimefungwa na mpira wa kwenye pesa. Madiwani walimcheka. Diwani mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mama, na wewe jitahidi, sisi wenzio tuna simu za kupangusa." Akajibu, "Yako ikianguka inavunjika kioo. Yangu ikianguka inavunjika sakafu."

Aliwahi kupanda mnara wa mawasiliano mwenyewe, na gambuti zake, kwa sababu fundi aliogopa upepo. Lakini ng'ombe! Alimwogopa ng'ombe kuliko radi. Akija kwetu alisimamia kule barabarani, hakanyagi uani, anapaza sauti:

"Baba Ipyana! Kafungwa?"

"Kafungwa, Mama. Ila tangu asubuhi anakuulizia."

"Mwambie nimesafiri."

Baba Ipyana alimpenda kwa utani huo. Mume wangu hakuwa mcheshi kwa watu wengi. Kwa huyu mama alikuwa kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Mara ya kwanza alipokuja kwetu alikataa chakula. Alisema amekula, ana tumbo, ana haraka, ilimradi tu. Nikamwambia, kwetu mgeni akikataa chakula tunaanza kujiuliza ametuletea nini kibaya. Akakaa. Nikampa mbalaga, ndizi zetu na maharage, na maziwa mgando pembeni. Akala kijiko kimoja kwa adabu. Akala cha pili kwa kufikiri. Cha tatu hakusema neno mpaka sahani ikaonekana chini. Tangu siku hiyo alikuwa anakuja kikazi saa ambazo sufuria iko motoni, na mimi nilijifanya sioni.

Kilichomleta kwetu ni mlima. Kijiji chetu kiko upande wa Suma, unaacha lami unapanda, nyumba zimekaa kwenye mteremko, migomba juu, chai chini. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo udongo unakuwa mzito. Wazee wanasema mlima unatembea. Halmashauri ilileta chombo cha kupima mvua, kikafungwa kule juu, kina laini ya simu ndani yake. Maji yakizidi kiasi, chombo kinatuma ujumbe kwa Mama Mtandao na kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Hapo sasa likaja swali: balozi akishajua, sisi wengine tunajuaje?

Wakubwa walitaka ujumbe utumwe kwenye simu zote kwa mpigo. Mama Mtandao alikataa. Alikuja kwenye mkutano wa kijiji akauliza, "Ujumbe wa mwisho kuingia kwenye simu yako, ulikuwa unasema nini?" Mmoja akasema, nimeshinda bahati nasibu. Mwingine akasema, ile hela tuma kwa namba hii. Watu wakacheka. Akasema, "Mnaona? Ujumbe mtu anausoma akishakufa. Sauti ya jirani mtu anaiamkia." Ndipo akauanzisha mnyororo. Balozi anampigia mtu, huyo anampigia mwingine, na huyo mwingine, mpaka nyumba ya mwisho. Kila mtu ana wa kumpigia, basi.

Wakafanya jaribio. Siku ya jua, hakuna hatari, balozi akapiga, mnyororo ukaanza kutembea. Ukafika nyumba moja ukafa. Mama Mtandao akapanda mteremko amefura, koti linapepea. Akamkuta mke kijana wa watu ameshika simu kama ameshika kaa la moto, machozi yanatiririka.

"Simu mbovu?"

Akatikisa kichwa.

"Huna salio?"

Akatikisa tena. Akamgombeza. Yule binti akazidi kulia. Mimi niliyekuwa karibu nikamvuta Mama Mtandao mkono nikamwingiza jikoni kwangu, nikamwambia, Mama, punguza. Umempa ampigie baba mkwe wake.

"Sasa?"

Nikamweleza. Kwetu mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Jina lake halitaji. Wakikutana njiani, anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Haingii chumba alichomo, hali alipokula. Hakuna chuki hapo, ni heshima, ndivyo tulivyolelewa. Najua mjini wanakula meza moja na kupiga picha pamoja. Huku juu bado. Na simu ni kumwita mtu kwa mdomo wako, aje asikilize sauti yako sikioni mwake. Mke wa mtoto amwite baba mkwe? Heri umwambie avue nguo sokoni.

Akazungusha zungusha kile kisimu chake mkononi. Kisha akasema, "Na mimi nimemgombeza."

Yule binti alipata nazi mbili.

Baada ya hapo alifanya kitu ambacho sijaona mtumishi mwingine akifanya. Aliubomoa mnyororo wote akauanza upya, jikoni kwa jikoni. Hakuita mkutano. Alikaa kwenye vigoda vyetu na moshi unamtoa machozi, akiuliza swali moja tu kila nyumba: "Wewe unaweza kumpigia nani bila kufikiri?" Watu wakamtajia. Mmoja akasema namwogopa yule, tuligombana kwa mpaka. Mwingine akasema mimi nitampigia dada yangu wa kwaya, yuko ng'ambo ya kijito. Mnyororo ukawa umepinda pinda, unaruka bonde, unarudi, unapita kanisani, unapita kwa wagomvi walioacha kugombana. Kwenye karatasi ulionekana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Ila tulipofanya jaribio jingine, ulikwenda moja kwa moja mpaka nyumba ya mwisho na chai jikoni haijachemka. Mama Mtandao alikaa kwenye ukingo wa shamba akacheka peke yake.

Sasa waje wahusika wengine, na hawa nawataja.

Wa kwanza ni Asajile, aliyekuwa mtendaji wa kijiji. Mtoto wa hapa hapa. Mama yake na mama yangu walichuma chai mstari mmoja. Wa pili ni Kalenga, wa mipango halmashauri, mtu wa tai. Wageni wa mkoa walikuwa wanakuja kuona mnyororo wetu, habari zake zimefika mbali. Kalenga akauona kwenye karatasi akasema hauonyesheki. Hauonyesheki! Akataka upangwe kama nyumba zilivyopangana, ya juu impigie ya chini yake, ya chini impigie inayofuata, ili uchorwe kwenye ubao mkubwa kwa mstari mwekundu ulionyooka na mgeni akiutazama aelewe. Asajile akasema ndiyo mkuu. Ubao ukachorwa, ukasimamishwa mbele ya ofisi ya kijiji. Ulikuwa mzuri, sikatai.

Mstari mwekundu ulitoka nyumba ya Tumpe ukaingia nyumba ya baba mkwe wake. Kutoka kwa mzee ukaja kwetu.

Tumpe ni jirani yangu wa juu, yule binti wa nazi mbili, mke wa mtoto wa mwisho wa mzee, ametoka Kisiba kuolewa kwetu. Siku ya ubao alikuwa amesimama nyuma ya migomba na wake wengine wa ukoo, kwa sababu mzee alikuwa amekaa mbele kwenye benchi. Asajile akauliza, "Kuna mwenye swali?" Nani angeuliza, mbele ya wageni, mzee mwenyewe amekaa hapo na kofia yake? Mambo haya hayasemwi hadharani na mwenyewe anasikia. Asajile alijua hilo kuliko mtu yeyote. Akasema, "Basi tumekubaliana."

Jioni nilimfuata kwake.

"Asajile, umemfunga Tumpe kwa mkwe wake."

Akacheka. "Mama Ipyana nawe! Siku ya hatari mila inawekwa pembeni. Tuko dunia ya sasa."

"Gwe, wewe Asajile. Baba yako akija hapa kukutembelea, mkeo anapitia wapi? Si anatokea dirisha la nyuma? Nimemwona juzi na ndoo kichwani."

"Hilo ni jingine."

"Jingine kivipi?"

"Mama, ubao umeshachorwa."

Mama Mtandao naye alipinga. Nasikia aligonga meza kikaoni mpaka glasi ya Kalenga ikamwagika. Alimwambia, "Mnyororo huu haukuundwa wa kutazamwa." Kalenga akamjibu kwamba yeye ni mtaalamu wa mashine, mambo ya jamii awaachie wenye nayo. Yeye wa Lindi aliyajua ya kwetu, na wenye nayo wakayafuta kwa rangi.

Mvua ile ilinyesha mpaka tukaizoea. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala uani kama mnyama. Chombo cha juu kilifanya kazi yake, watu wasiseme uongo. Ujumbe ulitoka. Balozi alipiga, mnyororo ukashuka nyumba kwa nyumba, watu wakatoka na watoto mgongoni, ukafika kwa Tumpe. Tumpe aliambiwa: mlima, toka, mwite anayefuata. Anayefuata ni baba mkwe wake. Mume wake alikuwa Mbeya kwenye kibarua. Binti yule alifanya kile alichofundishwa na mama yake: akakimbia kumtafuta mama mkwe, ili mama mkwe ndiye ampigie mumewe. Pekupeku, kwenye utelezi, bila khanga kichwani. Mama mkwe alikuwa amepeleka maziwa kituoni, na simu yake ameiacha nyumbani. Tumpe akamkuta kule. Mama mkwe akaazima simu ya mpimaji wa maziwa, akampigia mumewe. Haikupokelewa. Akanipigia mimi.

Hiyo ndiyo niliyoisikia ikilia kiunoni.

Mzee alikufa kitandani kwake. Baba Ipyana walimtoa siku iliyofuata, mkono wake bado umeshika kamba ya ndama. Mimi nilitolewa mchana ule ule kwa majembe na mikono, mguu wangu hadi leo unakwenda unakotaka.

Wakaja wa kuuliza maswali. Ripoti ikasomwa kijijini, na niliisikiliza nikiwa nimelala kwenye mkeka. Ilisema mfumo wa mawasiliano ulikuwa na changamoto. Hilo ndilo neno lao, changamoto. Mtu amezikwa na ndama wake, changamoto. Na nani mwenye mfumo? Mama Mtandao. Jina la Kalenga halikuwamo, jina la Asajile halikuwamo, na ubao ulikuwa umeng'olewa usiku wa kuamkia siku ya wageni hao kufika. Asajile sasa yuko kata, amepanda. Kalenga bado ana tai. Yeye ndiye aliyetoa hotuba ndefu kuliko zote kwenye sherehe ya kumuaga. Alisema, "Mama yetu ametuachia mifumo mizuri, ingawa wote tunajua mmoja ulitupa changamoto." Watu wakapiga makofi kidogo, yale ya kuvuta muda. Mama Mtandao amekaa kwenye kiti cha heshima, shada la maua la plastiki shingoni, anatazama meza.

Na Tumpe? Ukoo wa mume ulisema amemuua baba yao. Kwa kutopiga simu! Wale wale, angempigia, wangesema hana adabu. Mume wake alisimama kimya. Tumpe akarudi kwao Kisiba na mtoto mchanga, na hadi leo hakuna aliyemfuata. Nimeambiwa haendi hata kanisani, maana watu wa huku wanakwenda huko na maneno yanapanda na kushuka na watu.

Nilimwekea hasira Mama Mtandao, nisifiche. Nilijiuliza, mwanamke anayejibu madiwani, anayepanda mnara, kwa nini kwenye hili alifunga mdomo? Kwa nini alikubali kubeba lile neno?

Nilimkuta stendi ya Tukuyu siku tatu baada ya sherehe, anasubiri basi. Amekaa juu ya sanduku lake, na mkungu wa ndizi na viroba vya maharage vimemzunguka kama watoto. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Ipyana. Mguu?"

"Upo."

Nikasimama. Sikuweza kuzungusha maneno. Nikamuuliza hapo hapo, wapiga debe wanapiga kelele masikioni: kwa nini hukusema?

Hakukasirika. Akasogeza kiroba nikae.

"Nilisema ndani. Nikawaambia nitasema na nje. Unajua Kalenga aliniambia nini? Akaniambia, ukisema nje, na sisi tutasema. Tutasema mfumo ulikuwa mzima, ila kuna mwanamke mmoja alishika mila potofu badala ya simu, akaua watu. Tutamtaja jina, redioni. Asajile alikuwa amekaa pale pale, akatikisa kichwa, ndiyo." Alijifuta pua kwa upindo wa koti. "Mimi nina miaka yangu na mafao yangu. Yule binti ana nini? Nikasema basi, semeni mfumo. Mfumo ni mimi."

"Kwa hiyo ulimlinda."

"Nilidhani."

"Mama, hukumlinda. Wamemtaja bila redio. Kila jiko linamtaja."

Alinyamaza. Namjua akinyamaza kwa hasira, na namjua akinyamaza akifikiri. Kunyamaza huku sikuwahi kukuona. Uso wake ulizeeka pale nikiutazama.

"Nilikwenda kumwona," akasema mwishoni. "Kisiba. Mwezi uliopita. Hakutoka ndani. Mama yake akaniambia, anaona aibu. Anaona aibu yeye!" Basi likaingia, konda akaanza kutupia mizigo juu. Akanishika mkono, mikono yake ya baridi ile ile. "Mimi sina tena cheo cha kunyang'anywa, na wewe hujawahi kuwa nacho. Sema, Mama Ipyana. Sema na majina. Na langu sema, kwamba nilinyamaza."

"Jina lako silisemi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ulikuja jikoni ukauliza."

Akapanda. Dirishani alikuwa anahangaika na kioo kisichofunga vizuri, analalamikia upepo.

Basi nimesema. Alinyamaza, nimelisema na hilo, na alinyamaza kwa ajili ya mtu. Wengine wawili walinyamaza kwa ajili yao wenyewe.

Asajile, ulijua. Usiniambie hukujua, mkeo anatokea dirishani. Kalenga, uliambiwa, mpaka maji yakamwagika mapajani mwako ukaambiwa. Sitaki rambirambi nyingine, na mahindi ya msaada mlituletea yakaisha. Nataka mpande gari la serikali, mpite kwanza nyumbani kwa ukoo wa marehemu mzee, mumchukue mama mkwe na wanawe wote, mume wa Tumpe akiwemo, muende nao Kisiba. Msimame uani kwa yule binti, mseme kwa midomo yenu ni nani aliyechora mstari kutoka kwake kwenda kwa baba mkwe wake, na kwa nini. Mseme kwa sauti, maana atakuwa ndani, na anatakiwa asikie.

Mimi nitakuwepo. Mguu huu utanifikisha. Niambieni siku tu.

Lini?